Mechi ya Kumi na Saba

Kufikia katikati ya Novemba, Makuli wa Toledo, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamecheza mechi kumi na kupoteza zote kumi, na Ellis Guidry alikuwa amejifunza njia mpya ya kurudi nyumbani. Hakupita tena Mtaa wa Consaul kwenye soseji za Kihungaria, kwa sababu mzee mwenye duka alikuwa ameanza kumlisha bure. Miaka kumi na moja alikuwa akimtoza kama mteja mwingine yeyote, lakini mwaka huu anamsukumia sahani na kumtazama kama mtu aliyefiwa. Matusi Ellis aliyazoea. Huruma ile ilimshinda.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, mtu wa kilo mia na arobaini, mzaliwa wa Louisiana ambaye mpaka leo hajaelewana na baridi ya kaskazini. Uwanjani kazi yake ilikuwa moja. Aliinama juu ya mpira katikati ya safu ya mbele, akaupitisha kati ya miguu yake kwenda kwa mrushaji aliyesimama nyuma yake, na kabla hajainua kichwa akakutana kifua kwa kifua na jitu lililotaka kumpita limvunje huyo mrushaji. Mara sitini au sabini kila Jumapili. Akifanya vizuri hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, jiji zima linalijua jina lake.

Mwaka ule lilijulikana sana. Mashabiki walikuja uwanjani wamejivika mifuko ya karatasi kichwani, wametoboa matundu ya macho, wasije wakatambuliwa kuwa ni watu wa Makuli. Mrushaji wa kwanza alivunjika mtulinga mwezi wa Septemba. Wa pili alichanika goti katika kichapo cha kumi na moja, na aliyemchana alipitia upande wa Ellis. Kesho yake, kwenye chumba cha video, wakaonyeshwa tukio lile mara nne, polepole, na Ellis akajiona mwenyewe akichelewa kwa nusu hatua. Saa nne asubuhi kocha mkuu akatimuliwa, saa tano akatangazwa wa kushika nafasi mpaka msimu uishe: Stan Wojcik, mkufunzi wa safu ya mbele, mzee wa miaka sitini na sita aliyekuwa akingojea kustaafu kwa amani.

"Hongera, kocha," Ellis alimwambia kwenye korido.

"Usinitukane," Wojcik akajibu.

Mrushaji wa tatu akaja Jumatano, akiendesha gari lake mwenyewe kutoka Fort Wayne. Aliitwa Dale Hostetler. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na miaka mitatu iliyopita alikuwa ametundika daluga na kwenda kufundisha hisabati sekondari. Mkobani alikuwa na madaftari ya wanafunzi ambayo alikuwa hajayasahihisha. Alimfuata Ellis moja kwa moja kwenye meza ya kufungwa bandeji.

"Wewe ndiye Guidry," alisema. "Siku mbili nzima natazama makalio yako kwenye video."

"Na unayaonaje?"

"Yamechoka."

Ellis akacheka mpaka mtu aliyekuwa akimfunga kifundo cha mguu akamwambia atulie. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka ndani ya jengo lile.

Kucheka hakukuwapa alama. Mkono wa Hostetler ulikuwa umezeeka, mipira yake mirefu ilielea hewani ikisubiri kudakwa na wapinzani, lakini alijua kuhesabu. Alitazama safu ya maadui, akakisia nani atakuja na nani anajifanya anakuja, kisha akamnong'oneza Ellis, "Kushoto kwako, mzee," na aghalabu akawa hakukosea. Walichapwa mechi ya kumi na mbili kwa alama thelathini. Ya kumi na tatu kwa ishirini na nne. Ya kumi na nne kwa kumi. Ya kumi na tano kwa saba. Kwa timu nyingine hayo yangeitwa maendeleo. Kwao yalimaanisha tu kwamba sasa ilibidi wakimbie mpaka dakika ya mwisho ndipo washindwe.

Ellis akawa anachoka kwa namna ambayo usingizi haukuiponya. Kila Jumatatu daktari wa timu alimnyonya maji gotini kwa sindano, kila Alhamisi goti likajaa tena. Nyumbani alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Mkewe, Corinne, ambaye alikuwa muuguzi na ameona wagonjwa wa kila aina, alisimama chini akimtazama, halafu akaenda kumwekea barafu.

Mechi ya kumi na sita ilikuwa ugenini, Omaha. Zikiwa zimebaki sekunde thelathini na tano, Makuli waliongoza ishirini kwa kumi na sita na mpira ulikuwa wao. Wapinzani hawakuwa na namna tena ya kuisimamisha saa. Ellis alitakiwa ampe Hostetler mpira, Hostetler apige goti, saa ijimalizie yenyewe. Ni kitu ambacho watoto wa shule za msingi hukifanya bila kufikiri. Lakini kidole cha kati cha Ellis kilikuwa kimevunjika robo ya pili, kikafungwa pamoja na jirani yake kwa plasta, na plasta ilikuwa imelowa. Aliusikia mpira ukimteleza kabla haujaondoka mkononi. Ukapiga goti la Hostetler, ukadunda kando, na beki mmoja wa Omaha akauokota na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, peke yake, akigeuka kutazama nyuma kana kwamba haamini kwamba hafukuzwi. Ishirini na mbili kwa ishirini, kichapo cha kumi na sita.

Kwenye ndege Hostetler alikuja kukaa kiti cha pembeni yake.

"Mkono wangu nao ulichelewa," alisema.

"Usinidanganye, mwalimu."

"Haya, sikudanganyi. Ulinipa kiazi kilichopakwa siagi."

Ellis hakucheka. Hostetler akafungua madaftari yake, akaanza kuweka alama za vema na kosa kwa kalamu nyekundu, na hakuhama mpaka ndege ilipotua.

Jumanne mkurugenzi wa timu, Prentiss Vance, akamwita ofisini. Ilikuwa ofisi ya ghorofa ya tatu yenye dirisha linaloangalia Mto Maumee, na mto ulikuwa umeganda kingo zote mbili.

"Keti, Ellis."

"Nikiketi, kuinuka ni kazi nyingine. Nitasimama."

Vance akatabasamu. Alikuwa mtu mpole, asiyewahi kupandisha sauti hata kwa kocha aliyemfukuza. "Goti linaendeleaje?"

"Lipo."

"Daktari ananiambia kwamba ukilipumzisha Jumapili, hakuna atakayekulaumu. Na kidole hicho. Tungemwanzisha Brubaker, apate uzoefu."

Brubaker alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hajaanza mechi hata moja. "Brubaker akimkosa mtu," Ellis alisema, "Hostetler anavunjwa."

"Hostetler ni mtu mzima. Alijua alichokuja kufanya."

Hapo Ellis akaelewa, na alishangaa kwa nini alichelewa kuelewa, maana redio zote za Toledo zilikuwa haziongei jambo jingine. Timu inayoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua mchezaji mpya kutoka vyuoni. Mwaka ule chuo kimoja cha Georgia kilikuwa na mrushaji ambaye watu walisema huzaliwa mmoja kwa miaka ishirini. Makuli walikuwa hawana ushindi hata mmoja. San Antonio walikuwa na mmoja, na msimu wao ulikuwa umekwisha. Makuli wakishindwa Jumapili, yule wa Georgia ni wao. Wakishinda, watalingana na San Antonio, na kwa hesabu za ligi San Antonio ndio watakaochagua kwanza.

"Unaniambia tushindwe," Ellis alisema.

"Sikuambii hivyo. Hakuna mtu katika jengo hili atakayelitamka neno hilo." Vance akamimina kahawa, akamsogezea. "Nakuambia umeumia, na umeitumikia timu hii miaka kumi na moja, na ni haki yako kupumzika. Halafu mwakani benchi la ufundi litahitaji mtu anayeijua safu ya mbele. Mtu wa hapahapa. Mimi huwa nawakumbuka watu."

Ellis akamshukuru kwa kahawa na kuiacha mezani.

Alimweleza Corinne jioni ile, wakiwa jikoni. Alidhani angekasirika pamoja naye. Corinne alikuwa akikoroga maharage mekundu, akaendelea kukoroga.

"Sasa hapo shida iko wapi?" aliuliza.

"Shida iko wapi? Wananinunua."

"Wacha wakununue. Ellis, mimi sijui Georgia wala San Antonio. Ninachojua ni kwamba mume wangu anashuka ngazi kama mtoto wa mwaka mmoja. Wamekupa kazi ya kukaa pembeni na filimbi shingoni. Tangu Septemba unaomba mtu akuambie pumzika."

"Kweli, nimeomba."

"Basi wamekuambia."

"Wameniambia," Ellis alisema. "Lakini nilivyosikia mimi, ni kama wamesema lala chini tukupite."

Corinne akazima moto. "Na ukicheza, halafu mkashindwa vilevile kama kawaida yenu?"

"Basi tutakuwa tumeshindwa."

Ijumaa asubuhi, akiwa amevaa sare ya kazini na funguo mkononi, alisimama mlangoni akasema, "Cheza. Lakini baada ya Jumapili ni basi. Sitaki kusikia habari ya msimu mwingine, si hapa, si kwingine."

"Ni basi," Ellis akasema. Alitegemea neno lile lingemuuma. Lilitoka jepesi tu.

Alimkuta Wojcik kwenye chumba chake kidogo kisicho na dirisha, maana alikataa kuhamia ofisi ya kocha mkuu. Akamwambia goti lake liko sawa na atacheza.

"Goti lako haliko sawa," Wojcik alisema.

"Haliko sawa. Nitacheza. Umepewa amri gani huko juu?"

"Amri sikupewa. Nilipewa kahawa na tabasamu."

"Ukasemaje?"

"Nikanywa kahawa." Mzee akavua miwani na kujisugua macho. "Guidry, mimi nimeshindwa mechi nyingi kuliko ulizocheza wewe. Kila moja nilishindwa nikitaka kushinda. Kwa umri huu siwezi tena kujifunza mtindo mwingine."

Jumapili theluji ilianguka tangu asubuhi, nyembamba, ya kuchoma, ikipulizwa kutoka ziwani. Nusu ya viti ilikuwa tupu. Waliokuja walikuja na mabango yaliyoandikwa BADO MOJA, na mengine yakimkaribisha kijana wa Georgia kwa jina lake. Wachezaji wa Makuli walipotoka kwenye mlango wa chini ya jukwaa walipokelewa kwa vicheko. Louisville, ambao tayari walikuwa na nafasi yao katika mtoano, waliwaacha nyota wao kadhaa nje wakiwa wamejifunika makoti.

Lakini hawakumwacha Fonoti, aliyesimama uso kwa uso na Ellis, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye shingo pana kama kichwa chake, na mdomo usiochoka.

"Babu," alisema kabla ya mpira wa kwanza, "mbona unajisumbua? Hata watu wako hawakutaki ushinde. Soma mabango."

"Nimesoma."

"Basi nipishe nifanye kazi, sote twende nyumbani mapema."

"Nyamaza ucheze," Ellis alisema, akaupitisha mpira nyuma na kumbamiza kifuani.

Ilikuwa mechi mbaya ya kutazama. Mpira ulikuwa mgumu kama jiwe, hakuna aliyeweza kuurusha mbali, na mkono wa Hostetler kwa mara ya kwanza haukuwa na kasoro zaidi kuliko mikono mingine. Walisukumana katikati ya uwanja kama watu wanaohamisha kabati. Louisville walivuka mstari wa mwisho mara moja na kupata mkwaju mmoja kati ya milingoti, jumla alama kumi. Makuli walipata mikwaju mitatu, alama tisa. Mara mbili Fonoti alimpita Ellis, na mara ya pili alimwangusha Hostetler kifudifudi. Ellis alipomwinua, jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufumba.

"Samahani," Ellis alisema.

"Nahesabu wangapi wamebaki wima," Hostetler alijibu. "Nawaona wawili wawili, kwa hiyo tuko wengi."

Zikiwa zimebaki dakika nne, mpira ukawa wao tena, na uwanja mzima uko mbele yao. Katika msimu wote, hapo ndipo walipokuwa wakivunjika. Ellis alijua hata namna ingetokea: mpira mmoja ungeanguka, mtu mmoja angepewa adhabu ya kipuuzi, wangeangaliana na kuanza kungoja mwisho. Alijikuta anangoja. Goti lake lilikuwa halikunji tena vizuri, akawa anainama kwa kutanua miguu kama ng'ombe mgonjwa. Yadi nne. Yadi sita. Yadi tatu, na Hostetler mwenyewe akijirusha kwa tumbo kupata moja iliyosalia ili wasinyang'anywe mpira. Hostetler alitaja namba, akamgusa Ellis mgongoni, wakaenda tena.

"Babu, wewe ni mgonjwa," Fonoti alisema, akihema. Hakuwa na mzaha tena katika sauti yake. "Kaa chini. Nakuambia kwa wema."

Mpira uliofuata Ellis alimshika Fonoti chini ya makwapa, akasukuma, na kwa mara ya kwanza siku ile kijana akarudi nyuma, hatua mbili, tatu, akaanguka chali, na Ellis akaanguka juu yake. Pembeni yao mkimbiaji wa Makuli akapita na mpira yadi kumi na tisa. Walilala pale wawili wakitazamana kupitia vyuma vya helmeti, theluji ikiwaangukia.

"Haya, niondokee," Fonoti alisema, kisha akamsaidia kuinuka.

Sekunde tatu zilibaki. Mpigaji wa Makuli, mtu mnyamavu ambaye Ellis hakuwahi kula naye hata mlo mmoja, alipiga mpira ukapita juu ya mikono, ukayumba kwa upepo, ukaingia kati ya milingoti kwa kuugusa ule wa kulia. Kumi na mbili kwa kumi.

Uwanja ukanyamaza. Ellis alikuwa amesikia kelele za kila aina katika uwanja ule, lakini ukimya wa namna hiyo, watu elfu thelathini wakikokotoa hesabu moja kichwani, hakuwahi kuusikia. Halafu zomeazomea zikaanza, upande wa mtoni kwanza, zikazunguka jukwaa lote. Mifuko ya karatasi ikatupwa uwanjani. Karibu na mlango wa kuingilia, mwanamume mmoja mwenye koti la Makuli aliegemea ukingo, uso mwekundu kwa baridi, akasema kwa sauti ya kukata tamaa zaidi kuliko hasira, "Hata kushindwa kwenyewe hamkuweza."

Ellis alisimama akamtazama. Mtu yule alikuwa na haki yake. Alikuwa amekaa kwenye baridi ile tangu Septemba kama yeye. "Nenda ukapate moto, ndugu," akamwambia hatimaye, akaingia ndani.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Brubaker alianza wimbo wa ushindi, akaona wenzake wamekaa, akanyamaza. Wojcik akaingia, theluji bado mabegani. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Tumeshinda moja," alisema. "Nendeni mkaoge."

Watu wakacheka, taratibu, na wachache wakapeana mikono. Hostetler alikuwa amekaa sakafuni, barafu jichoni.

"Kesho saa mbili nina darasa," alimwambia Ellis. "Pembe tatu."

"Watakuuliza ya leo."

"Wataniuliza madaftari yao." Akamnyooshea mkono wa kuagana akiwa palepale chini, na Ellis, ambaye hakuweza kuinama, akaushika kwa ncha za vidole.

Jumanne walifutwa kazi wawili, Wojcik asubuhi na Ellis mchana. Vance hakumwita ofisini. Alikutana naye kwenye korido, akasema, "Mlicheza vizuri," na kupita. Ellis akapelekwa kwa daktari kwa uchunguzi wa mwisho, ule unaofanywa kila mchezaji anapoondoka, ili iandikwe ameondoka na nini. Daktari akamuuliza panapomuuma. Ellis akaanza na vidole vya miguu. Walipofika mabegani daktari akafungua ukurasa wa pili.

"Kingine?"

"Andika hivyo hivyo," Ellis alisema. "Inatosha."

Alivitia vitu vyake katika mifuko miwili ya takataka, viatu, bandeji, picha, redio ndogo, akavibeba mwenyewe mpaka garini. Corinne alikuwa ameomba likizo ya wiki mbili. Walikuwa wanakwenda Louisiana kwa mama yake Ellis, na baada ya hapo hawakuwa wamepanga kitu. Corinne alisukuma kiti cha abiria nyuma mpaka mwisho, akamwekea mto chini ya goti, akashika usukani.

Walipoiacha Dayton, mtangazaji wa redio alikuwa akizungumzia mrushaji wa Georgia, jinsi San Antonio walivyobahatika na jinsi Toledo, kwa dakika nne za upumbavu, walivyojiharibia miaka kumi. Corinne akanyoosha mkono kuzima.

"Mwache aseme," Ellis alisema.

"Kwa nini umsikilize?"

"Simsikilizi. Sauti yake inaniletea usingizi."

Corinne akamwangalia kwa pembe ya jicho, kisha akarudisha macho barabarani. Alipotaka kumuuliza kama anajuta, na alikuwa amelibeba swali hilo tangu Jumapili, alikuta amekwishalala, mdomo wazi, mikono imefunguka mapajani. Alipunguza sauti ya redio kidogo na kuendelea kuendesha. Ellis alilala Ohio yote iliyobaki na Kentucky yote, na alipoamka ilikuwa Tennessee, mvua inanyesha badala ya theluji, na alikuwa na njaa.